Ukifika ukaikuta injini ina moto, rudi kesho

Pikipiki yangu ya kwanza, iliyokwisha kutumika, niliinunua Busia, upande huu wa Uganda, saa nane mchana. Muuzaji alipiga kiki moja tu ikawaka, ikanguruma vizuri, nami nikahesabu pesa. Sikujiuliza kwa nini injini ilikuwa na moto ilhali pikipiki imeegeshwa kivulini. Kesho yake asubuhi nilipiga kiki hadi mguu ukauma, na ilipowaka ilitoa moshi wa bluu uliojaa mpaka jikoni. Wiki tatu baadaye fundi aliifungua: pistoni ina michirizi, ringi zinazoizunguka zimekwisha, na ndani ya boksi la chujio la hewa hamna chujio. Vumbi jekundu la barabara zetu lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye injini. Karo ya watoto ya muhula mzima iliishia pale, na sitaki imkute mtu mwingine.

Kwa hiyo mpigie muuzaji simu usiku, mwambie utakuja alfajiri na asiiwashe. Mkishasalimiana, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa na moto, usigombane naye. Mwambie kwa upole, "Kaka, nitarudi kesho ikiwa imelala."

Sababu ni hii: sili za valvu, yaani vipira vinavyozuia oili isipite, zikichoka, oili huvuja kidogo kidogo usiku kucha na kukusanyika karibu na pistoni. Asubuhi unapowasha, yote huungua kwa pamoja na ndipo moshi wa bluu unapotoka. Akishaipasha moto kabla hujafika, huo ushahidi umeshaungua. Mvuke mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika moja mbili usikutishe, ni maji ya baridi ya asubuhi. Moshi mweusi ni petroli kuzidi, mara nyingi kabureta au chujio lililoziba, na hilo linatengenezeka. Injini ikishapata moto, vuta mafuta: bluu ukiongezeka hapo, shuku ringi, ukitoka unapoachia mafuta, shuku sili.

Kabla ya kuwasha, zima swichi na ukandamize kiki polepole kwa mguu. Injini yenye nguvu hukataa kwanza, kisha hushuka taratibu. Iliyochoka huteremka kama umekanyaga tope. Halafu chovya kidole kwenye oili, uisugue kati ya vidole juani. Weusi si neno. Ukiona vinavyometameta kama unga wa bati, humo ndani chuma kinasagana. Na ikiwa nzito kama asali, jihadhari, kuna wanaotia oili nzito ili kunyamazisha kelele.

Jambo la pili ambalo silisamehe ni shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Pikipiki nyingi zinazouzwa huku zimefanya kazi ya boda, na boda ya Uganda hubeba abiria watatu, mikungu ya matoke, magunia ya makaa. Mzigo wote huo, kila shimo la barabara, shingo ndiyo inayoumia. Ondoa matope na upitishe kidole kote. Uvimbe wa kuchomelea, au rangi mpya mahali hapo peke yake wakati fremu nyingine imechakaa, vinatosha kukufanya uondoke. Isimamishe kwa stendi kubwa, rafiki akandamize nyuma hadi gurudumu la mbele linyanyuke, kisha shika shokapu kwa chini usukume mbele na nyuma. Ikicheza, beringi za shingo zimelegea. Zungusha usukani polepole. Ukinasa katikati, zimeliwa. Mvua ikiwa imenyesha, ipitishe kwenye dimbwi uende moja kwa moja juu ya pakavu, kisha urudi uangalie alama za matairi. Zikiwa mbili badala ya moja, fremu au uma unaoshika gurudumu la nyuma umepinda.

Cheni: ivute kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno, au meno yamechongoka kama kucha za mwewe, nunua seti nzima na uipunguze kwenye bei. Breki, taa na spoku utazijaribu mwenyewe, hazina siri.

Sasa karatasi. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo na ile ya injini dhidi ya logibuku, yaani kadi ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa ni mkosi, usiiguse. Wengine huuza pikipiki ambayo mkopo wake haujaisha na logibuku bado iko kwa mkopeshaji; fotokopi haitakusaidia. Makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mashahidi watie sahihi, kisha ubadilishe jina haraka.

Hii ninayoendesha leo niliipata Tororo, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza pikipiki ya marehemu mumewe. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye kiti na injini ni baridi kama jiwe la mtoni. Iliwaka kwa kiki ya tatu, na nyuma hapakuwa na moshi.