Mke wangu amekutwa na mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Mimi nifanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 38. Wiki iliyopita alipimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, akaambiwa ana mabadiliko ya awali, bado si saratani. Wakamtibu papo hapo kwa joto, wakasema tusikutane kimwili kwa wiki nne. Eti chanzo ni kirusi cha ngono. Je, ni mimi niliyempa, au ana mtu mwingine? Na mimi nipimwe wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha nani alimpa mwenzake HPV, yaani hicho kirusi ulichotajiwa, wala lini. Kirusi hiki huwapata watu wengi sana walioanza kujamiiana, wanaume kwa wanawake, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wachache hubaki kimya, na kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya kuleta saratani. Huenda hiki kilikuwapo kabla hamjaoana. Kwa hiyo nakuomba usimhoji. Nimewaona kinamama waliohojiwa nyumbani namna hiyo. Tarehe ya kurudi kliniki ikifika, hawaji.

Kwa upande wako, hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa mwanaume, wala dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Anayekuuzia vidonge vya kukisafisha anakula pesa yako bure. Ukiona masundosundo sehemu za siri, nenda ukaonwe, ingawa hayo kwa kawaida huletwa na aina nyingine za HPV.

Sasa hizo wiki nne. Mhudumu hupaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Hapo ndipo palipochomwa. Shemeji anatembea na kupika kama kawaida, lakini ndani ana kidonda kibichi. Mkikutana sasa kitavuja damu, kinaweza kuingia vijidudu, na VVU hupata njia rahisi. Atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Huo si uchafu wala ugonjwa mpya. Mnunulie pedi, na asijisafishe ndani. Ikishindikana kabisa, tumieni kondomu kila mara. Ila isishindikane, ndugu yangu. Wanawake wengi huniambia walijua wanatakiwa kusubiri, lakini nyumbani hawakuweza kusema hapana. Kwa hiyo subira hii ni kazi yako kuliko yake.

Wengine hata hiyo tiba hawaipati siku ile. Huambiwa wanaweza kutibiwa sasa hivi, nao hujibu, “Ngoja kwanza nikamwulize mume wangu.” Kuna wanaorudi baada ya miaka, tayari wanatokwa damu. Ukiongea na kaka zako na marafiki, waambie watoe ruhusa hiyo mapema, pamoja na nauli.

Baada ya kupona, kondomu hupunguza maambukizi, ingawa haikingi kabisa kwa kuwa kirusi hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa. Tohara ya mwanaume nayo husaidia. Pimeni VVU wote wawili: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara 6 zaidi, na hutakiwa kupimwa mara kwa mara zaidi.

Kama mna binti wa miaka 9 hadi 14, apate chanjo ya HPV. Tanzania iliianza nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Haizuii uzazi. Baba akilisema hilo wazi mbele ya familia, maneno ya mtaani hupungua nguvu.

Shemeji atatakiwa kurudi kupimwa baada ya mwaka mmoja. Tarehe hiyo iweke kwenye simu yako pia. Lakini akipata homa, maumivu makali chini ya kitovu, damu ya mabonge au majimaji yenye harufu mbaya, msisubiri tarehe. Mpeleke siku hiyohiyo.