Adapta ya ruta: volti zilingane, ampea zisipungue

Ndugu, nimekuelewa: adapta ya ruta yako, iliyoandikwa 12V 1A, imekufa, na dukani umeonyeshwa mbili, 12V 2A na 19V 1A. Chukua ya 12V 2A bila wasiwasi. Volti ni msukumo wa umeme, nao lazima ulingane na wa kifaa. 19V inaweza kuiunguza ruta. Ampea ni kiasi cha umeme unaopita, na ruta huvuta kile inachohitaji tu. Ya kuogopa ni iliyo chini ya 1A, maana itaelemewa na kupata moto.

Kabla ya kuchomeka, tazama kile kimchoro cha duara chenye + na − kwenye lebo ya adapta: alama ya pini ya kati ifanane na ya adapta ya zamani. Adapta ikinuka kuungua, chomoa umpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe, kapasita ya ndani, yaani kijisehemu kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji.