Bumu likiingia, afanye nini?

SWALI: Binti yangu anaanza chuo kikuu Dar es Salaam, amepata mkopo wa serikali. Hajawahi kushika fedha nyingi. Nimwambie nini kabla hajaondoka? – Mama, Iringa

JIBU: Mama, hongera sana. Kwanza asiende mikono mitupu akitegemea bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo huo. Fedha ya kwanza humfikia baada ya kukamilisha usajili na kusaini, na jina likikosewa herufi moja kati ya cheti na akaunti ya benki, malipo yanaweza kukwama. Mpe chakula na nauli ya wiki nne. Vyeti halisi avioneshe siku ya usajili kisha avifungie. Huku na kule atembee na nakala.

Bumu likiingia, agawe siku hiyohiyo. Tuseme ni shilingi 600,000 za siku 60. Chakula cha 6,000 kwa siku ni 360,000. Hizo aziache benki, atoe 42,000 kila Jumatatu, basi. Zinazobaki 240,000 ni za chumba, kutoa kopi, sabuni na daladala.

Wengi huishiwa wiki ya tatu, na chanzo ni kilekile: simu mpya, na kukopesha wenzao siku ya kwanza. Mfundishe kusema, "Yangu nimeshaipangia," bila kuomba radhi.

Na tafadhali, Mama, mwambie waziwazi kwamba akikwama apige simu nyumbani mapema. Binti anayeogopa kugombezwa hukopa kwa riba, au hupokea msaada wa mtu atakayemdai kisichosemeka.