Maswali Yenu: Ripoti Imeandika Saratani

Aliyenitumia filamu ya MRI iliyopigwa picha kwa simu dirishani, bila umri wala historia: sisomi. Wenzako saba nao niliwakatalia.

Dokta, shikamoo. Nina miaka 31, goti limevimba mwaka wa pili. Jirani amenitafsiria ripoti: "saratani haiondoleki". Ndiyo basi?

Marahaba. Jirani amekutia presha bure. Ripoti haisemi saratani haiondoleki. Inasema aliyesoma picha hawezi kuapa kwamba siyo. Kwa umri wako, mshukiwa mmojawapo ni uvimbe wa seli kubwa wa utando wa kiungo, ambao wengi bado tunauita PVNS, jina la tangu 1941. Si saratani, ila una uhuni wake: hutoboa mfupa, huvujisha damu gotini, na ukitolewa nusunusu hurudi. Damu hiyo huacha madini ya chuma, nayo kwenye MRI huonekana meusi. Muulize daktari kama weusi huo umeonekana. Hata ukiwepo, kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kwa sindano, kipimwe, na daktari atakayekupasua ndiye apange sindano ipite wapi. Ikibainika ni saratani kweli, njia ya sindano nayo huenda ikabidi ikatwe.

Mama alitibiwa saratani ya titi. Kipimo cha PET kimewaka gotini. Imesambaa?

PET haioni saratani, inaona seli zinazobugia sukari. PVNS hubugia sana, na TB ya kiungo pia, nayo kwetu si ugonjwa wa kusimuliwa. Msianze dawa za saratani kwa sababu ya goti hilo kabla ya kinyama.

Eksirei ya bega ina punje nyeupe nyingi. Ni saratani ya mfupa?

Yaelekea ni punje za gegedu zilizozaliwa na utando wa kiungo. Kugeuka saratani ni nadra sana, lakini zikirudi haraka baada ya upasuaji, zipimwe upya.

Nichue kwa mafuta gani?

Usichue.

Kijana wangu ana kivimbe nyuma ya goti. Daktari amesema ni maji tu, atakitoa Jumamosi. Hajapiga picha yoyote.

Jumamosi hiyo ifutwe. Ipo saratani iitwayo sarkoma ya sinovia, hupenda vijana, hukua taratibu hata miaka, na hujifanya mfuko wa maji. Utrasaundi kwanza, isipoonyesha maji matupu, MRI, kisha kinyama. Kisu baadaye.