Tukisafiri, vikapu vinakataa

SWALI: Mhariri, timu ya mpira wa kikapu ya chuo chetu hapa Dodoma hufunga vizuri nyumbani, lakini tukienda Dar es Salaam mipira hugonga ringi na kurudi. Tatizo ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni kila mahali. Kinachobadilika ni miguu iliyokunjwa basini kwa zaidi ya kilomita 400, na macho yaliyozoea mandhari ya nyuma ya ubao wenu. Mchezaji aliyechoka hakunji magoti anaporusha, hivyo mpira hupungua nguvu na kugonga ukingo wa mbele. Fikeni siku moja kabla, mrushe mkianzia karibu na kikapu, na mitupo ya mbali ikigoma, ingieni ndani mtafute faulo ili mpewe mitupo huru, kwani mtupo huru hauna mkabaji, ingawa kelele za wenyeji, nakiri, hazikabiki.