Kabla hujapanda ndege ya Dubai, mdogo wangu

Mdogo wangu, umeniuliza kwa ujumbe wa sauti kama uichukue ile kazi ya ghala Dubai, ukaongeza kwa kicheko kwamba afadhali uende nchi ambayo mtandao hauzimwi. Nyuma yako nilimsikia Shangazi akiuliza kwa sauti ya chini kwa nini mwaka jana nilijitoa kwenye kundi la familia bila kuaga. Maswali hayo mawili yana jibu moja, na kwa kuwa tangu Februari nimehamia Toronto kwa shemeji yako, sasa ninaweza kulitoa.

Ni kweli, Dubai mtandao hauzimwi. Kwa miaka sita na nusu niliyokaa Deira sikuwahi kuamka nikaukuta umekatwa. Mshahara wangu haukuchelewa hata mwezi mmoja, na usiku wa manane nilitoka kituo cha basi hadi nyumbani bila kuukumbatia mkoba. Mambo hayo usiyapuuze, kwa maana ndiyo yaliyolipa ada yako ya chuo.

Lakini umeshawahi kujiuliza kwa nini miaka yote hiyo sikuwapigia simu ya video kwa WhatsApp? Simu za WhatsApp kule zimefungwa, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Nilipofika mwaka 2019, njia halali ilikuwa kulipia kifurushi cha dirhamu 50 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 30,000 za kwetu, ndipo uweze kupiga kwa programu zilizoruhusiwa kama BOTIM. Kisha ikaja ToTok, ya bure kabisa, nasi tukaishangilia pasipo kujiuliza kwa nini hii ipite wakati nyingine zote zimegonga ukuta. Unakumbuka nilivyokuelekeza namna ya kumwekea Mama kwenye simu yake. Desemba ya mwaka huohuo gazeti la The New York Times likaandika, likiwanukuu maofisa wa Marekani, kwamba programu hiyo ilikuwa chombo cha ujasusi cha serikali ya Falme za Kiarabu. Wenye ToTok walikana, lakini Google na Apple waliiondoa kwenye maduka yao. Nilipompigia Mama kumwambia aifute, alinijibu, "Waache wasikilize, mwanangu, watajua bei ya nazi Mgandini." Tulicheka sana. Hata hivyo, ndani ya programu hiyo tulikuwa tumejadili talaka ya dada na kesi ya kiwanja cha Pongwe, neno kwa neno.

Wa kusikilizwa kwa makusudi ni watu wa aina nyingine. Mwaka 2016 Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa nchi hiyo, alipokea kwenye simu yake ujumbe uliomwahidi siri za mateso ya wafungwa iwapo angebofya kiungo. Hakubofya, aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, ambao wako hapahapa Chuo Kikuu cha Toronto, nao wakagundua kwamba kiungo kile kingeingiza Pegasus, programu ya kupelelezea simu, kwenye simu yake. Machi 2017 alikamatwa, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa sababu ya maandishi yake mtandaoni.

Utasema wewe si mwanaharakati. Mimi pia sikuwa. Aprili 2024, ile mvua iliyogeuza barabara za Dubai kuwa mito, paa la ghala letu lilivuja, nami nikaweka picha ya maboksi yaliyolowa kwenye status, bila kuandika neno. Kesho yake msimamizi aliniita, akanipa kiti, akageuza simu yake nikaiona picha yangu. Hakukasirika. Alisema tu, "Futa, kwa faida yako." Nilifuta mbele yake. Nilipokuja kuisoma sheria ya makosa ya mtandao, Amri ya Shirikisho Na. 34 ya mwaka 2021, nilielewa upole wake: anayesambaza habari za uongo au uvumi anakabiliwa na kifungo kisichopungua mwaka mmoja na faini isiyopungua dirhamu 100,000, na wakati wa maafa adhabu hiyo inakuwa miaka miwili na dirhamu 200,000. Picha yangu haikuwa ya uongo, lakini sikutamani kwenda kulithibitisha hilo mbele ya hakimu.

Hata michango yetu, ya msiba au ya harusi, ina shida, kwa sababu kuchangisha fedha mtandaoni bila kibali ni kosa. Watanzania wa Deira tulikuwa tunaandikiana "njoo tunywe chai", na kila mtu alikuja na bahasha.

Sasa nimjibu Shangazi. Mtandao ulipozimwa Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, nilikaa siku kadhaa nikipiga simu za kawaida zisizoshika. Uliporudi, tarehe 3 Novemba, nilikuwa kwenye foleni ya mkate, na simu ikatetemeka mfululizo kama jongoo amenaswa mfukoni. Zilikuwa picha za maiti wa ghasia za uchaguzi, nyingine za mitaa ninayoijua. Polisi wa kwetu walikuwa wameonya kwa ujumbe wa simu dhidi ya kusambaza picha za namna hiyo, kwa hiyo mlinitumia mimi, mkaandika, "Wewe uko nje, zitunze." Mliamini kwamba nje ni nje. Sikuwa na mwanasheria wa kuniambia kama kupokea tu kunatosha kuniletea kesi, wala nani wa ghorofani mwetu angeziona nikisahau simu mezani. Nilizifuta zote nikiwa nimesimama palepale, kisha nikajitoa kwenye kundi. Shangazi, hamkunikosea chochote. Ninaona aibu kwamba niliwafuta hata wale ambao sura zao nilizitambua.

Na wewe, mdogo wangu, usinitajie VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, kwa sababu tu umeizoea tangu X ifungwe huko Mei 2025. Hata huko kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili tangu mwaka 2023. Dubai, kuitumia ili kutenda kosa au kuficha kosa lisigundulike kunaweza kukutoza faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi 2,000,000. Kwa mshahara wa dirhamu 2,500 ulioahidiwa, kiwango cha chini pekee ni kazi ya miezi 200, bila kula.

Nenda, sitakuzuia, kama ningekuwa na umri wako na deni lako, ningeenda tena. Ila simu yako ya sasa mwachie Mama pamoja na vyote vilivyomo, ununue nyingine tupu. Siku utakayokwenda uwanja wa ndege, mwambie Shangazi akutoe kwenye kundi, na nafasi hiyo anirudishe mimi.