Moshi kuganda asubuhi Mbeya: anza kuangalia nje kabla ya jiko

Salaam dada. Umeuliza kwa nini tangu Juni moshi unaganda uani kwako hadi saa nne asubuhi na mtoto anakohoa, ilhali jiko ni lilelile la masika.

Kesho saa moja toka nje uutazame moshi wa jirani. Ukipanda kidogo kisha ukalala bapa kama shuka, usihangaike na fundi. Usiku wa kipupwe anga huwa safi, ardhi inapoteza joto haraka, na hewa ya baridi inateremka kutoka mlima Loleza ulio juu ya mji na kutuama bondeni. Juu yake inabaki hewa yenye joto zaidi, imekaa kama mfuniko wa sufuria. Upepo ukitulia, moshi hauna pa kwenda mpaka jua liipashe ardhi. Nilipohamia mtaa wa juu ndipo nikaliona lile tandiko la kijivu, limefunika mabati yote ya chini.

Kwetu asubuhi chai ni ya gesi. Mkaa tunawasha baada ya saa nne, hata maharage yanasubiri. Taka hatuchomi jioni kabisa.

Na tafadhali sana, jiko la mkaa usiliingize chumbani kuota moto. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini. Mtoto akianza kuhema kwa shida, mpeleke zahanati mara moja.

Moshi ukibaki hadi saa nane mchana na jua linawaka, hapo sasa kagua jiko.